Allidina Visram

Allidina Visram (Kera, Kutch, India, 1851 - 30 Juni 1916) alikuwa mfanyabiashara Mhindi aliyeishi Afrika ya Mashariki tangu utotoni. Anakumbukwa kwa mtandao wa maduka aliyoyafungua kutoka pwani hadi Uganda. Maduka ya namna hiyo yalichangia kuzoesha watu wa bara vyakula vya Kihindi, kama vile chapati na mchuzi wa bizari.

== Maisha ya awali ==

Alizaliwa katika jamii ya Makhoja, ambao ni Waislamu wa madhehebu ya Ismailia. Kutch, katika Gujarat ya leo, ni nchi kame, na vijana wake wengi walivuka bahari kwa jahazi kwenda kutafuta riziki Unguja na pwani ya Afrika.

Allidina aliondoka kwao mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 tu. Alifika Bagamoyo, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ambaye mchango wake ulianzisha hospitali iliyokuja kuwa Muhimbili huko Dar es Salaam.

== Biashara ya misafara ==

Wakati huo Bagamoyo ulikuwa mwanzo na mwisho wa njia kuu ya kwenda Tabora na Ujiji. Misafara ilipeleka nguo, shanga na waya, ikarudi na pembe za ndovu. Mizigo yote ilibebwa na wapagazi, na wengi wao waliugua au kufa njiani. Utajiri wa matajiri wa Bagamoyo ulitegemea mabega ya watu hao, ambao majina yao hayakuandikwa.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Allidina akashika sehemu kubwa ya biashara ya misafara. Alikuwa na matawi Tabora na pia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyanda za juu za Ufipa ziko upande wa kusini-mashariki wa ziwa hilohilo.

== Reli na chakula ==

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, umbali wa karibu kilomita 930. Waingereza waliajiri vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa magonjwa, ajali na mashambulio ya simba.

Kulisha watu hao kulikuwa kazi kubwa. Sehemu ndefu ya njia ilipita katika nyika isiyo na mashamba, kwa hiyo mchele, unga wa ngano, dengu, samli na viungo vililetwa kutoka mbali. Allidina alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara waliowapatia chakula. Alifungua maduka kando ya reli kadiri ilivyosonga mbele.

Reli ilipokamilika, vibarua wengi walirudi kwao, lakini karibu 6,700 walibaki. Wengine walifungua maduka madogo na kuendelea kupika vyakula walivyovizoea. Majirani Waafrika, wapishi na wafanyakazi wa nyumbani walijifunza mapishi hayo, wakayarekebisha kwa vyakula walivyokuwa navyo.

== Kazi Uganda ==

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Allidina alifungua duka Kampala, kisha mengine Jinja na Entebbe. Alinunua pamba, ufuta, karanga na ngozi kutoka kwa wenyeji, akawauzia bidhaa za dukani. Hivyo alisaidia kueneza matumizi ya fedha mahali ambapo watu walikuwa bado wanabadilishana mali kwa mali. Alianzisha pia viwanda vya kuchambua pamba, kukamua mafuta na kutengeneza soda.

Aliajiri makarani wengi kutoka India. Baadhi yao walijifunza kazi kwake, kisha wakajitegemea.

== Kifo ==

Mwaka 1916 aliugua homa alipokuwa katika safari ya kibiashara Kongo, akafariki. Mwanae Abdulrasul alirithi shughuli zake na kujenga shule ya sekondari Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Shule hiyo bado inaitwa Allidina Visram. Lakini biashara yenyewe haikudumu: ilianguka katika miaka ya 1920.

== Urithi ==

Si Allidina aliyeleta chakula cha Kihindi Afrika ya Mashariki. Watu wa pwani walifanya biashara na India kwa karne nyingi kabla yake, na Waswahili walijua viungo tangu zamani. Yeye na wenzake walisaidia kuvifikisha vyakula hivyo mbali na bahari, kwanza kwa misafara, kisha kwa reli na maduka.

Maneno kama chapati, bajia, achari na kachumbari yanaonyesha asili hiyo. Chapati hasa imekuwa chakula cha sikukuu na cha wageni katika familia nyingi ambazo hazina asili ya Kihindi hata kidogo.

Hata Sumbawanga, katika mkoa wa Rukwa, ambako chakula cha asili cha Wafipa ni ugali, hasa wa ulezi, kwa maharage au samaki, siku hizi chapati na sambusa huuzwa migahawani pamoja na chai ya asubuhi. Wengi wanaozila hawajasikia jina la Allidina Visram. Maduka yake yamekwisha, lakini vyakula vilivyopita katika njia zile vimebaki na kuwa vya wenyeji.