Thomas Risley Odhiambo: Mtaalamu wa Wadudu na Mtetezi wa Mkulima

Mkulima wa Kulesa, kando ya Mto Tana katika eneo la Garsen, hushindania mavuno yake na wadudu. Viwavi hutoboa mashina ya mahindi, mbung'o huwaletea ng'ombe wa jirani zake wafugaji ugonjwa wa nagana, na mwanzoni mwa mwaka wa 2020 nzige wa jangwani walivamia sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kuwaelewa maadui wa aina hii ndiko kulikokuwa kazi ya maisha ya marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931. Alisoma Makerere, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikopata shahada ya uzamifu mwaka wa 1965. Utafiti wake ulihusu homoni za nzige dume wa jangwani. Kwa elimu hiyo angeweza kubaki ughaibuni na kuishi maisha ya raha. Hata hivyo, alirejea nyumbani kufundisha Nairobi.

Mwaka wa 1967 alichapisha makala katika jarida la Marekani liitwalo Science, akipendekeza Afrika Mashariki ianzishe vituo vichache vya utafiti wa kiwango cha juu. Pendekezo hilo lilikuwa la kijasiri. Wako walioamini kwamba nchi changa zilipaswa kuazima sayansi iliyokwisha kupikwa kwingine. Kwa Odhiambo, mazao na wadudu wa kitropiki vilihitaji watafiti wanaoishi navyo. La sivyo, vijana hodari wangeendelea kuhama na mkulima angebaki mikono mitupu.

Mwaka wa 1970 ndoto hiyo ilitimia. Kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ICIPE, kilianzishwa Nairobi chini ya uongozi wake. Aidha, alikuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Makao ya ICIPE huko Kasarani yaliitwa Duduville, yaani mji wa wadudu. Huko Nguruman, watafiti wa kituo hicho walibuni mtego wa mbung'o ulioshonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, ukinogeshwa kwa harufu ya mkojo wa ng'ombe. Mfugaji aliweza kuutengeneza mwenyewe bila kutegemea sumu ya bei ghali.

Hali kadhalika, Odhiambo alishiriki kuasisi Akademia ya Sayansi ya Afrika mwaka wa 1985, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka wa 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kukomesha njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

Aliondoka ICIPE mwaka wa 1994, akafariki dunia Mei 2003. Kampasi ya Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, ina jina lake. Urithi wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ni njia aliyoifungua: kijana wa Tana anaweza kuwa mtafiti bila kuipa kisogo ardhi iliyomlea.