Mwalimu Aliyegeuka Wakili: Tumkumbuke Argwings-Kodhek

Kila siku maelfu ya wakazi wa Kibera na Kawangware huenda mjini Nairobi kutafuta riziki, wengine kwa miguu na wengine kwa matatu. Wengi wao hupitia Hurlingham, katika barabara iitwayo Argwings Kodhek. Mara kadhaa nimewauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu jina hilo ni la nani. Aghalabu hunijibu kwamba huenda ni la mlowezi fulani wa Kiingereza aliyesahauliwa na waliobadilisha majina ya barabara baada ya uhuru. Jibu hilo hunisikitisha, kwani mwenye jina alikuwa mwana wa Gem huko Nyanza, na kabla ya kuwa wakili alikuwa mwalimu kama mimi na kama wengi wenu mnaosoma makala hii.

Nina sababu ya kumkumbuka sasa. Majuzi alinijia kijana mmoja wa Kambi Muru, Kibera. Mtaa huo, kama jina lake linavyodokeza, unahifadhi kumbukumbu ya Wamoru, mojawapo ya makabila ya Sudan yaliyotoa askari wa mkoloni, ambao kizazi chao leo twakiita Wanubi. Kijana huyo nilimfundisha isimu hadi akapata shahada yake, na sasa anafundisha Kiswahili katika shule ndogo ya mtaani. Alitaka ushauri wangu: je, mtu mwenye shahada ya lugha aweza kurudi darasani asomee sheria, au amekwisha kuchelewa? Nilimjibu upesi, na ninakiri kwamba nilimjibu vibaya. Nilimwambia asitupe alichonacho, aendelee na shahada ya uzamili katika isimu. Alinishukuru kwa heshima, akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi mwema, maana nilitambua kwamba niliyomwambia yalikwisha kusemwa zamani, na waliyoyasema hawakuwa watu wa kuigwa.

Clement Argwings-Kodhek alizaliwa mwaka 1923. Alisoma katika shule za wamisheni, akaingia Makerere, Uganda, ambako alihitimu stashahada ya ualimu. Wakati huo Makerere ilikuwa kilele cha elimu kwa Mwafrika wa sehemu hizi, na mwenye stashahada yake alihesabiwa kuwa amefika. Alirudi nyumbani akashika chaki. Mwaka 1947 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, katika chuo kikuu huko Wales, ili asomee elimu ya jamii. Serikali ya mkoloni iliwahitaji Waafrika wachache wa kuisaidia katika kazi za ustawi wa jamii, kilimo, tiba na ualimu. Wanasheria haikuwahitaji. Ilijua vyema, kwa mifano ya India na Afrika Magharibi, kwamba mwanasheria hachelewi kugeuka mwanasiasa.

Kodhek alipofika huko aliacha alichotumwa, akashika sheria. Inafaa msomaji afahamu jinsi njia hiyo ilivyokuwa. Nchini Uingereza, mtu hakulazimika kuwa na shahada ya sheria ili awe wakili wa mahakama kuu. Alijiunga na chama kimojawapo kati ya vinne vya kale vya mawakili jijini London, akafanya mitihani yao, na akahudhuria idadi maalumu ya karamu za jioni pamoja na wakubwa wa taaluma. Hivyo waliosomea historia, lugha au ualimu waliweza kuvuka. Kodhek alijiunga na Lincoln's Inn, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1951. Hakuwa peke yake katika kuvuka huko. Herbert Chitepo wa Zimbabwe alipata kwanza shahada ya sanaa huko Fort Hare, Afrika Kusini, kisha akasomea uwakili London huku akisaidia utafiti wa lugha ya Kishona. Mwaka 1962 akawa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Tanganyika. Mimi mwanaisimu nilipaswa kuukumbuka mfano huo kabla ya mwingine wowote.

Kodhek alirejea Kenya mwaka 1952, akiwa na mke Mwairishi, katika nchi ambamo rangi ya mtu iliamua mtaa atakaokaa na mshahara atakaolipwa. Serikali ilimpa nafasi katika ofisi ya mwanasheria mkuu, lakini kwa ujira ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye cheo kile kile. Aliikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe. Ndiyo maana anahesabiwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika katika nchi hii.

Mnamo Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari. Wengi wetu tunazikumbuka habari za kesi ya Kapenguria na jina la Denis Pritt, wakili Mwingereza aliyemtetea Jomo Kenyatta, na ambaye naye ana barabara yake katika vitongoji hivyo hivyo vya Nairobi. Lakini palikuwako mamia ya kesi nyingine ambazo hazikuandikwa magazetini kwa herufi kubwa. Mkulima aliyekutwa na risasi moja, au aliyeshtakiwa kulisha watu kiapo, aliweza kuhukumiwa kifo. Katika miaka ile zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa. Mshtakiwa alisimama mbele ya jaji asiyejua lugha yake, akisemewa na mkalimani, na uhai wake uliweza kutegemea tafsiri ya kitenzi kimoja. Hao ndio waliotetewa na Kodhek, hata akajulikana kuwa wakili wa Mau Mau.

Mwaka 1955 serikali iliporuhusu vyama vya Waafrika vya ngazi ya wilaya tu, yeye ndiye aliyeanzisha chama cha Nairobi. Katika uchaguzi wa 1957 alishindwa na Tom Mboya, lakini hakukata tamaa. Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Gem, kisha akawa waziri. Tarehe 29 Januari 1969, akiwa waziri wa mambo ya nje, alifariki kwenye barabara ya Hurlingham, si mbali na nyumbani kwake. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Wengi hawakuridhika, na minong'ono haijakoma hadi leo. Barabara ile ndiyo iliyopewa jina lake.

Wakati wa Kodhek hapakuwa na mahali pa kusomea shahada ya sheria katika Afrika Mashariki. Kitivo cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na cha Nairobi mwaka 1970. Leo vyuo ni vingi, lakini mwenye shahada nyingine hana njia ya mkato. Shahada ya uzamili pekee haimfanyi mtu kuwa wakili. Hana budi kuanza upya shahada ya kwanza ya sheria, kisha aende Chuo cha Sheria cha Kenya, afanye mitihani na atumikie chini ya wakili mzoefu. Ni miaka mingi na karo nzito kwa mwalimu wa shule ya mtaani. Haya ni ya kweli, na ni wajibu wetu kuwaeleza vijana pasipo kuwaficha.

Lakini kueleza ugumu si sawa na kufunga mlango. Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Ni nani atakayejua thamani ya haki hiyo kuliko mwanasheria aliyesomea lugha? Na Wanubi wa Kibera, ambao walikaa zaidi ya miaka 100 bila hati, walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017 baada ya madai ya miaka mingi. Kijana wa Kambi Muru hahitaji kuelezwa kazi ya sheria ni nini.

Enyi walimu wenzangu, tujihadhari. Mara nyingine tunapomzuia mwanafunzi tunadhani tunamlinda, kumbe tunailinda taaluma yetu tu. Mkoloni naye alidhani anajua Mwafrika anafaa kusoma nini. Nimekwisha kumtumia kijana yule ujumbe, aje tuketi tuhesabu karo na miaka kwa kalamu na karatasi. Akiamua kubaki na isimu, nitafurahi. Akiamua kuvuka, nitamwandikia barua ya kumtambulisha kwa mkono wangu mwenyewe. Wahenga walinena: kawia ufike.