Shaaban Robert: Karani wa forodha aliyekomesha viboko vya Adili

WANAOVUKA mara kwa mara Mutukula, Kikagati au Gatuna na mizigo yao wanamjua vizuri mtu wa forodha. Huandika, hupiga hesabu, hugonga mhuri. Huenda si wengi wanaojua kwamba mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili, marehemu Shaaban Robert, aliifanya kazi hiyo kwa miaka 18.

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909, katika kijiji cha Vibambani karibu na mji wa Tanga. Asili ya wazazi wake ilikuwa Uyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na mwaka huohuo wa kumaliza akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Alihudumu Pangani na kwingineko hadi 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga na idara ya upimaji ardhi.

Mchana alikuwa karani, na vitabu aliviandika nje ya saa za kazi. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi la maombolezo ambalo bado linasomwa shuleni. Mwanawe wa kike, Mwanjaa, alimwachia utenzi wa mawaidha, na wa kiume, Hussein, wa kwake.

Aidha, alijua kwamba hadithi za majini na wanyama wanaosema si za kupumbaza watoto tu. Katika Kusadikika, kilichotoka 1951, alibuni nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake sita walitumwa nchi za jirani kutafuta mambo mema. Waliporudi na elimu, walitupwa gerezani. Anayerudi kwao kutoka ugenini ataelewa upesi.

Mwaka uliofuata kikatoka Adili na Nduguze. Humo Adili, liwali wa mji wa Janibu, anakutwa akiwapiga viboko manyani wawili kila usiku. Mfalme Rai anamwita ajieleze. Kumbe manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baada ya kupoteza urithi wao katika biashara aliwapokea na kuwagawia mali yake, nao kwa wivu wakamtosa baharini. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza manyani na kuamuru viboko.

Kisa hicho Shaaban hakukibuni chote. Kimo katika Alfu Lela Ulela, na huko ndugu hao ni mbwa. Lakini katika hadithi ile ya kale, ndugu wakisharudishiwa umbo la binadamu wanamwua aliyewasamehe. Shaaban aliukata mwisho huo. Kwake Rai anasikiliza kesi yote, anamwombea Adili kwa Huria viboko vikome, na ndugu wanarudi kuwa watu na kuishi na ndugu yao.

Kitabu hicho nilikisoma Nakivale, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbarara. Shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza na Kinyankole. Kiswahili mjini Mbarara kilihesabiwa lugha ya wanajeshi, na mzazi aliyemsikia mtoto akikisema alimkemea. Nakala yetu, isiyo na jalada, aliileta mchuuzi aliyevuka mto Kagera kutoka Murongo. Tulikuwa tumezoea ngano za bibi zetu jioni, hivyo majini hayakutushangaza.

Nakiri kwamba mwisho wake uliniudhi. Nilitaka manyani wapigwe milele. Kila jioni wazee wetu walisimulia jinsi tulivyofukuzwa kwetu kuanzia 1959, nami nililala nikiwahesabia viboko watu nisiowajua.

Tuliporudi Rwanda mwaka 1994 tulikuta maafa ambayo hakuna hadithi inayoweza kuyapima. Hata hivyo, mahakama za Gacaca zilipoketi, hadi zilipofungwa 2012, nilikikumbuka kitabu kile. Niliona jambo lililonipita utotoni. Rai hakuanza na msamaha. Alianza kwa kumtaka Adili aeleze yote, ndipo akaomba viboko vikome. Tena niliona kwamba kila usiku Adili naye hakulala. Aliyeshika kiboko alikuwa amefungwa na adhabu ileile.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Baadhi ya vitabu vyake, kikiwamo Kufikirika, vilichapishwa akiwa kaburini.

Leo njia za Nakivale zimejaa Kiswahili cha Wakongo na Warundi, na Rwanda imekifanya lugha rasmi tangu 2017. Hakuna mzazi wa kumkemea mtoto tena. Basi ndugu mfanyabiashara, ukivuka kufuata mchele au vitenge, tia na nakala moja ya Adili na Nduguze mzigoni. Mtoto akikuuliza kwa nini manyani waliachiwa, usimjibu haraka. Mwache asome tena.