David Gill: Mtu Aliyelipima Bara kwa Nukta

Msafiri atokaye mtaa wa Yoba mjini Gitega kwenda Muyinga huvuka njiani mstari usioonekana kwa macho. Hauna uzio wala jiwe, wala hapana mlinzi aulindaye. Huo ni mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Gitega iko magharibi yake kidogo, na Muyinga iko mashariki yake. Aliyeazimia kuufuata mstari huo na kulipima bara zima, toka Rasi ya Tumaini Jema hata Kairo, ni mtaalamu wa nyota, Sir David Gill. Maisha yake yastahili kujulikana na kila askari na kila polisi, kwa maana kazi yake yote ilikuwa kutafuta umbo la kweli la kitu kwa kukusanya nukta na kuzilinganisha.

Gill alizaliwa Aberdeen, Uskochi, mwezi Juni 1843, mwana wa fundi wa saa. Chuoni alisomeshwa na James Clerk Maxwell, mwanafizikia mashuhuri, lakini baadaye alirithi duka la baba yake. Miaka aliyoishi kati ya gurudumu na kamani za saa haikupotea bure, kwani ndiyo iliyomfundisha mkono wake kuogopa kosa dogo. Mwaka 1872 aliiacha biashara iliyokuwa na faida nzuri, akakubali kipato kidogo zaidi ili aendeshe kituo cha nyota cha Lord Lindsay. Mwaka 1875 alikuwa Misri, akipima mstari wa msingi kwa ombi la jeshi la Khedive. Hivyo aligusa ncha ya kaskazini ya kazi yake kubwa kabla hajaiona ile ya kusini.

Mwaka 1877 alikwenda kisiwa cha Ascension pamoja na mkewe Isobel, ili aipime sayari ya Mirihi na kwa njia hiyo apate umbali wa Jua. Mawingu yalipomzuia kambini, aliihamisha kambi na vyombo vyake hadi sehemu nyingine ya kisiwa, mahali panapoitwa mpaka leo Mars Bay. Huko alipata jibu lililokaribia sana kipimo cha kweli, yaani kilomita milioni 150 hivi.

Mwaka 1879 alipewa uongozi wa kituo cha nyota cha Rasi. Miaka mitatu baadaye ilitokea nyotamkia kubwa, naye akaipiga picha. Kilichomstaajabisha kilikuwa wingi wa nyota ndogo zilizojitokeza nyuma yake, nukta juu ya nukta. Hapo alitambua kwamba picha ingeweza kuandikisha nyota kwa wingi ambao jicho na kalamu visingeufikia. Akapiga picha anga la kusini, na vioo vyake vikapimwa Uholanzi na Jacobus Kapteyn. Kila eneo lilipigwa picha mara mbili. Vioo viwili viliwekwa pamoja, kimoja kikiwa kimesogezwa kidogo, na kwa hiyo nyota ya kweli ilionekana kama jozi, ilhali chembe ya vumbi ilibaki peke yake. Orodha iliyotolewa kati ya mwaka 1896 na 1900 ilikuwa na nyota 454,875.

Kanuni hiyohiyo Gill aliitumia juu ya ardhi. Wapimaji hupima kwanza mstari mmoja wa msingi kwa uangalifu mkubwa. Kisha huchagua vilele vya vilima, na kwa theodolaiti hupima pembe kutoka kilele hadi kilele, mpaka nchi yote ifunikwe kwa mnyororo wa pembetatu. Katika pembetatu ya kawaida pembe tatu hujumlishwa kuwa nyuzi 180, na juu ya ardhi iliyo mviringo huongezeka kidogo sana, kwa kiasi kinachoweza kuhesabiwa. Jumla ikikataa, aliyekosea hana pa kujificha. Mwishowe nukta zote hulinganishwa na umbo kamili la tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha zake, na tofauti inayobaki huieleza Dunia yenyewe.

Kazi ya nyikani ilianza mwaka 1883, ikiongozwa na William Morris, ofisa wa Kikosi cha Wahandisi cha jeshi la Uingereza. Kufikia mwaka 1906 mnyororo ulikuwa umekaribia ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1908 na 1909 sehemu nyingine ikapimwa Uganda.

Wala hayo hayakuwa mambo ya wasomi tu. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kugawana nchi kwa mistari ya ramani, longitudo ya 30 ikiwa mmojawapo, kabla mtu yeyote hajapima inapita juu ya kilima gani. Mwaka 1909, katika nchi ya Kivu na milima ya volkano, vikosi vya Waingereza na Wabelgiji vilikabiliana, kila upande ukidai uko kwake. Shauri lilimalizwa mjini Brussels mwaka 1910. Ramani isiyopimwa ingaliweza kumwaga damu ya askari wasiojua hata kosa liko wapi.

Gill alifariki London mwezi Januari 1914, mnyororo wake ukiwa bado una mapengo. Pengo la Tanganyika lilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Martin Hotine, naye pia ofisa wa wahandisi, na la Sudan likazibwa na wapimaji wa jeshi la Marekani mwaka 1954, miaka 40 baada ya kifo chake.

Siku hizi chombo cha leza hukusanya nukta maelfu kwa sekunde moja, likapatikana wingu la nukta la ukuta, la nguzo au la mlima, na kompyuta hulilinganisha na umbo la bapa, mcheduara au tufe. Chombo kimebadilika, kanuni haikubadilika. Askari anayechora ramani ya doria na polisi anayepima mahali pa ajali hutenda kazi ileile ya Gill: nukta moja ni tetesi, nukta nyingi zilizolinganishwa ni ushahidi.