Al-Jahidh wa Basra na Suala la Kweli na Uongo



Ndugu wanafunzi, mnaosoma balagha mmeshakutana na khabar na insha. Ukimwambia mwenzako afunge mlango, hawezi kukujibu kuwa umesema uongo. Hiyo ni insha. Ukimwambia basi la Kondoa limefika, hapo anaweza, na hiyo ni khabar. Lakini ni kitu gani hasa kinachoifanya khabar iwe kweli? Mmoja wa waliolipekua jambo hili ni Abu Uthman Amr bin Bahr, maarufu kwa jina la Al-Jahidh.

Alizaliwa Basra, Iraq, takriban mwaka 160 Hijria (776). Al-Jahidh ni lakabu aliyopewa kwa macho yake yaliyotokeza. Imepokewa kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi mwenye kazi ya ngamia. Yeye mwenyewe aliandika risala ya kuwatetea watu weusi, akawataja humo Wazanji wa Qanbalu na Lanjuya, na wanahistoria wanaona Lanjuya ndiyo Unguja.

Alikulia katika ufukara, akiuza mkate na samaki. Inasimuliwa kuwa alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu ili akeshe humo akisoma (nasi tuna umeme na bado tunasinzia!). Aliandika Kitabul-Hayawan, Al-Bayan wat-Tabyin na Al-Bukhala. Kiitikadi alikuwa Muutazila, na masheikh wetu hawamfuati huko, ila katika lugha hawakuacha kumtaja.

Wanavyuoni walio wengi wanasema khabar ni kweli ikiafikiana na hali ilivyo, na ni uongo isipoafikiana, bila kuangalia moyo wa msemaji. Mwalimu wake, An-Nadhdham, alisema kinachoangaliwa ni itikadi ya msemaji tu. Hoja yake ni mwanzo wa Suratul-Munafiqun: wanafiki walishuhudia utume wa Mtume (S.A.W.), jambo la haki tupu, na bado Mwenyezi Mungu akawaita waongo.

Al-Jahidh alitaka yote mawili. Kweli ni khabar inayoafikiana na hali, na msemaji akaitakidi hivyo. Uongo ni isiyoafikiana, na msemaji akajua. Zinazobaki si kweli wala uongo. Mtoto aliyeona basi jingine akadhani ni la Kondoa yumo humo katikati. Dalili yake ni aya ya 8 ya Surat Saba, pale makafiri walipouliza kama Mtume amezua uongo au ana wazimu. Alisema wametenga maneno ya mwenye wazimu na uongo, na kweli pia hawakuyaita. Basi ipo daraja ya tatu.

Al-Khatib Al-Qazwini (aliyefariki 739 Hijria) ameyaleta hayo katika Talkhis pamoja na majibu yake. Wanafiki walikuwa waongo katika kudai kuwa ushahidi wao umetoka moyoni. Na kuzua ni uongo wa makusudi, ambao ni aina moja tu ya uongo. Mwenye wazimu hana makusudi.

Kwa maoni yangu majibu hayo yana nguvu. Kwa kauli ya An-Nadhdham, anayeukanusha Uislamu kwa itikadi yake angekuwa anasema kweli! Kwa hiyo maneno ya yule mtoto ni uongo, lakini yeye si mwongo, na mzazi asimshikie fimbo.

Uzeeni Al-Jahidh alipooza upande mmoja wa mwili. Alifariki Basra mwaka 255 Hijria (869), na wapo wanaosimulia kuwa aliangukiwa na vitabu vyake.