Kapuściński: Mpolandi aliyeutafuta mgogoro wa Maziwa Makuu kambini

ALIPOFARIKI dunia jijini Warsaw Januari 23, 2007, akiwa na umri wa miaka 74, magazeti ya Ulaya yalimlilia Ryszard Kapuściński kama bingwa wa waandishi wa habari za nje. Huku kwetu habari ile ilipita kimya kimya. Wengi hawakumjua, ingawa Mpolandi huyo aliwahi kuishi Dar es Salaam, aliwahi kushikiliwa uwanja wa ndege wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na aliandika juu ya vita vya eneo hili kwa miaka mingi.

Namweleza leo kwa sababu moja. Kati ya wageni walioandika kuhusu mgogoro wa Maziwa Makuu, yeye ni mmoja wa wachache waliong'amua kwamba vita vinavyofuata huwa vimeketi kambini, vinasubiri. Msomaji uliyepanga foleni ya mgao kwa miaka kumi utanielewa haraka kuliko profesa.

Alizaliwa Machi 4, 1932, katika mji wa Pinsk, uliokuwa mashariki mwa Poland. Septemba 1939 majeshi ya Kisovieti yaliuteka mji huo, na haukupita muda mama yake akawachukua watoto na kukimbia. Wengi wa wakazi wa Pinsk walikuwa Wayahudi, na Wanazi waliwaua karibu wote. Vita vilipokwisha mpaka ulisogezwa, Pinsk ikabaki upande wa Umoja wa Kisovieti. Leo iko Belarus. Kwa hiyo alikuwa mkimbizi kabla ya kuwa mwandishi, na kwao kulihamia nchi nyingine bila mtu kumuuliza.

Alisoma historia Chuo Kikuu cha Warsaw, akaanzia kazi katika gazeti la vijana, na mwaka 1958 akafika Ghana ya Nkrumah. Baadaye shirika la habari la Poland, PAP, lilimkabidhi Afrika. Shirika lile halikuwa na fedha. Wenzake wa mashirika makubwa walikodi ndege, yeye alidandia malori na kulala vyumba vya bei ya chini. Kwa maoni yangu umaskini ule ulimfaa. Wafanyabiashara wa Kobero na Gatumba wanajua kwamba habari za kweli za barabara hutoka kwa dereva na utingo wake. Hotelini huipati.

Mapema mwaka 1961, baada ya Lumumba kuuawa Januari 17, aliingia Kongo kupitia Sudan pamoja na waandishi wenzake wa Czechoslovakia, wakafika Stanleyville, sasa Kisangani. Kwa maelezo yake mwenyewe, hofu ilikuwa kubwa kwa sababu kila mzungu alidhaniwa kuwa Mbelgiji. Walipofanikiwa kutoka, ndege ikawatua Usumbura, mikononi mwa Wabelgiji wenyewe, ambao nao waliwashuku.

Mwaka 1962 alihamia Dar es Salaam. Alipatwa na malaria kali, kisha kifua kikuu. Aliogopa kwamba akirudishwa Poland hatapewa tena nafasi ya Afrika, hivyo akatibiwa palepale pamoja na wagonjwa wa kawaida. Januari 1964 alivuka kwenda Zanzibar kufuata habari za Mapinduzi. Baadaye alikwenda Nairobi, Lagos, Amerika ya Kusini, na mwaka 1975 Luanda, wakati Wareno wakifungasha masanduku yao.

Lakini kazi ninayotaka tuiangalie ni sura ya Rwanda katika kitabu chake cha mwaka 1998, Heban, yaani Mpingo. Hapo haanzi na Aprili 1994 kama wanavyofanya wengi. Anarudi nyuma kwenye vilima, ardhi finyu, ng'ombe na mashamba, kisha anafika Novemba 1959, nyumba zinachomwa na Watutsi wanakimbilia Burundi, Uganda, Tanganyika na Kongo. Anawafuata waliokimbia. Wanajaa kandokando ya mpaka, karibu na vilima vyao, na fikra yao ni moja tu, kurudi. Desemba 1963 baadhi yao walishambulia kutoka Burundi, na waliolipia damu ni Watutsi waliobaki ndani. Serikali ya Habyarimana nayo ikawa inasema nchi imejaa, haina nafasi ya kuwapokea. Oktoba 1, 1990 watoto wa waliokimbia wakavuka kutoka Uganda wakiwa na bunduki.

Ukishasoma hivyo, yaliyofuata hayakushangazi. Mwaka 1994 waliokimbia walikuwa Wahutu, na ndani ya kambi za Goma na Bukavu walikuwamo wanajeshi na Interahamwe waliotoka kufanya mauaji ya kimbari. Miaka miwili baadaye vita vikaingia Kongo. Januari 2025, M23 walipoiteka Goma, suala la wakimbizi wa Kikongo walioko nje lilikuwa bado miongoni mwa madai yao.

Hata hivyo nisimpambe. Mwaka 2010 mwandishi mwenzake wa Poland, Artur Domosławski, alichapisha wasifu wake na kuonyesha kwamba mara nyingi alichanganya tukio na hadithi. Ilikuwa imeenea kwamba alimjua Lumumba, wakati alifika Kongo Lumumba ameshakufa. Katika Heban kuna kisa cha samaki mkubwa mno sokoni Kampala, na watu wakinyamaza kwa kuamini amenenepa kwa maiti zilizotupwa ziwani zama za Idi Amin. Mchuuzi yeyote wa sangara angemweleza kwamba samaki yule alipandikizwa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1950, na ukubwa ndiyo asili yake. Kisa kilinoga, akakiacha.

Kosa hili si dogo kwetu. Mtu anayetuona kama watu wa imani za kutisha atashindwa kuona hesabu zetu za kawaida, nani analima wapi na nani ana hati. Hata Rwanda alielemea mno upande wa ng'ombe na jembe, kana kwamba yaliyotokea yalikuwa yameshapangwa na vilima.

Na kuna jambo ambalo kalamu yake haikulifikia. Aliwaelewa wanaosubiri kurudi, ila wanaporudi hakukaa nao. Mwaka mmoja baada ya kifo chake, 2008, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walianza kurudi kwa wingi kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 50,000. Huko Rumonge na Nyanza-Lac wengi walikuta michikichi ya baba zao inavunwa na familia nyingine, nazo zimeshaishi pale zaidi ya miaka 30, baadhi zikiwa na karatasi za serikali mkononi.