Seyyid Barghash na Maji ya Mji wa Unguja

Ndugu msomaji, katika kitabu hiki umekwisha kusoma habari za watu waliopigana vita na watu waliosafiri mbali. Leo utasoma habari za mfalme mmoja wa Zanzibar aliyeleta maji mjini. Jina lake ni Seyyid Barghash bin Said. Alitawala tangu mwaka 1870 hadi mwaka 1888.

Kwanza tuutazame mji wenyewe.

Visima vya mjini

Kama umewahi kufika Mji Mkongwe, umeziona nyumba zake. Ni ndefu, na kuta zake ni nene. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Zimebanana sana, na njia zake ni nyembamba.

Zamani watu wa nyumba hizo walikunywa maji ya visima vya mjini. Mjini humohumo walichimba na mashimo ya vyoo. Kisima kilikuwa hapa, na choo kilikuwa pale, hatua chache tu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi. Ukilimwagia maji, yatapita. Basi uchafu wa chooni ulipenya chini ya ardhi, polepole, mpaka ukafika kisimani. Mtu alishusha ndoo, akateka maji. Aliyatazama, akaona ni safi. Akanywa.

Upande wa mashariki wa mji kulikuwa na mkono wa bahari. Bahari ilipojaa, maji yaliingia hapo. Ilipokupwa, matope na takataka zilibaki, zikanuka. Mkono huo wa bahari ulifukiwa baadaye. Lakini jina la Darajani bado lipo, kwa sababu hapo palikuwa na daraja.

Ugonjwa waingia

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Haikuwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimekwisha kuua watu wengi miaka kumi kabla ya hapo. Lakini safari hii kilikuwa kikali mno.

Mjini alikuwapo daktari mmoja Mskoti, jina lake James Christie. Daktari huyu alitibu wagonjwa, tena aliulizauliza sana. Aliwauliza wasafiri na wafanyabiashara ugonjwa umepita wapi. Aliona kwamba ulitoka pande za Bahari ya Shamu, ukapita Ethiopia, ukapita nchi ya Wamasai, ukashuka pwani mpaka Pangani. Kutoka Pangani ulivuka bahari kwa vyombo mpaka Unguja. Aliyaandika hayo yote katika kitabu kilichotolewa mwaka 1876.

Unajua kipindupindu kinavyoua? Mgonjwa huhara na kutapika mfululizo. Maji yote ya mwili humtoka. Macho huingia ndani, na ngozi hunywea. Mtu aliyeamka mzima asubuhi anaweza kuzikwa jioni. Katika miezi ile maelfu ya watu walikufa Unguja. Matajiri walikufa, lakini maskini na watumwa walikufa zaidi. Wao walilala wengi katika chumba kimoja, na walikunywa maji yoyote waliyoyapata.

Ugonjwa ulikwisha mwaka 1870. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Sultani Majid alifariki. Barghash, ndugu yake, alishika ufalme. Mji aliourithi ulikuwa na makaburi mapya kila upande.

Barghash alikuwa nani?

Alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said, aliyeleta makao yake Unguja kutoka Oman. Mama yake alikuwa Mhabeshi.

Tangu ujana wake Barghash alitaka ufalme. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid. Dada zake wawili, Khole na Salme, walimsaidia. Lakini Waingereza walikuwa upande wa Majid, na Barghash akashindwa. Akapelekwa Bombay, Bara Hindi, akae huko kama mtu aliyefukuzwa kwao. Alikaa karibu miaka miwili.

Usiipite habari hii ya Bombay haraka. Bombay ulikuwa mji mkubwa wenye shida kubwa ya maji. Serikali ya huko ilijenga bwawa mbali na mji, mahali panapoitwa Vihar. Kutoka bwawani walilaza mabomba ya chuma mpaka mjini. Maji hayo yalianza kufika mwaka 1860, Barghash akiwa hukohuko. Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba kijana yule hakuyaona. Maji yalitoka mbali, yakapita ndani ya bomba, na mtu akayakinga mjini bila kushusha ndoo kisimani.

Kimbunga

Barghash alipokuwa mfalme hakuwa na raha muda mrefu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Vyombo vingi vilizama bandarini. Manowari za Sultani ziliharibika pia. Nyumba zilianguka. Mashambani mikarafuu na minazi iling'oka. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iliangamia siku ile. Pemba ilipona.

Mkarafuu haukui kwa siku moja. Ukiupanda leo, utangoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma. Kwa hiyo nchi ilipoteza watu kwa ugonjwa, kisha ikapoteza mali kwa upepo. Yote hayo yalitokea katika miaka mitatu.

Mwaka 1873 Waingereza walimshurutisha Barghash kutia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Soko la watumwa la mjini likafungwa. Hakufanya hivyo kwa kupenda. Lazima tuseme kweli: utajiri wa jamaa yake ulitokana na karafuu, na karafuu zile zilichumwa na watumwa. Hata baada ya mkataba ule, watumwa waliokuwako Unguja waliendelea kuwa watumwa. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, yeye amekwisha kufa. Basi soma habari za maji yake, lakini usiwasahau watu hao.

Mwaka 1875 Barghash alikwenda Uingereza, akautembelea mji wa London. Huko nako kipindupindu kiliwahi kuua watu wengi. Mwaka 1854 daktari mmoja, John Snow, alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ile ukaondolewa. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Walishikilia kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya.

Maji ya Bububu

Kaskazini ya mji, yapata kilomita kumi, kuna mahali panaitwa Bububu. Watu wengine husema jina hilo lilitokana na mlio wa gari la moshi lililopita huko zamani. Si kweli. Gari hilo lilianza kwenda Bububu baada ya mwaka 1900, na Salme alikwisha kulitaja jina la Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886. Huenda ni mlio wa maji, maana huko kuna chemchem.

Maji ya chemchem hizo hutoka ardhini, mbali na vyoo vya mjini. Chemchem ziko juu kuliko mji, kwa hiyo maji huteremka yenyewe. Barghash aliamuru ijengwe njia ya maji kutoka huko mpaka mjini. Maji yakaja kwa mifereji na mabomba. Watu wa mjini waliyateka bure.

Hili la bure ni jambo kubwa. Kama maji yangeuzwa, tajiri angenunua, na maskini angerudi kwenye kisima chake kilekile karibu na choo. Tena ugonjwa wa maskini haukai kwa maskini peke yake. Kabla ya hapo wanawake watumwa walibeba mitungi kichwani kutwa, kutoka kisimani mpaka kwa mabwana zao. Sasa maji yalikuwa karibu zaidi.

Usidhani visima viliachwa mara moja. Watu wengi waliendelea kuvitumia. Wala Barghash mwenyewe hakukijua kijidudu cha kipindupindu. Mtaalamu wa Kijerumani, Robert Koch, ndiye aliyekitambua mwaka 1883, kwanza Misri kisha Bara Hindi. Mfalme alileta maji safi akiwa hajui hayo.

Mwisho wake

Mwaka 1883 Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib, mbele ya bahari. Ndilo jengo lililompa sifa kwa wageni. Lakini siku zake za mwisho zilikuwa nzito. Tangu mwaka 1885 Wajerumani walianza kuchukua nchi za bara alizozihesabu zake, na yeye hakuweza kuwazuia. Afya yake iliharibika. Alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu, akarudi Unguja mgonjwa zaidi. Alifariki Machi 1888.

Kipindupindu kilirudi Zanzibar mwaka 1978, na kimerudi mara nyingine tangu hapo, hasa mvua zikiwa kubwa na maji ya vyoo yakichanganyika na maji ya kunywa.

Jumba la Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu yake mwezi Desemba 2020. Jumba lake jingine, la Marahubi, liliungua mwaka 1899. Ukipita njia ya kwenda Bububu utaziona nguzo zake zimesimama peke yake, pamoja na hamamu na mabirika ya maji. Ukiendelea na njia hiyohiyo utafika Bububu. Chemchem zake bado zinatoa maji, na watu wa mjini bado wanayanywa.